Fumba macho kabla hujakabidhi: kukagua tovuti ya ofisi ya umma

Nilikuwa nimemaliza fomu ya kibali cha biashara ya ofisi moja ya umma huku magharibi mwa Kenya, nikijisifu. Nikampa jamaa yangu asiyeona aijaribu pale kwangu Kondele. Simu ikamsomea: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Akacheka. "Sasa ndugu yangu, hapa nalipa ama nafuta?"

Siku hizi naanza hivi.

Hatua ya 1: Sikiliza. Kwenye simu ya Android nenda Mipangilio, kisha Ufikivu, uwashe TalkBack, kisoma skrini kinachomsomea mtu yaliyo kwenye simu kwa sauti. Kabla ya kuiwasha, jua namna ya kuizima: ukigusa mara moja inasoma tu, ukigusa mara mbili ndipo inafungua, na ukurasa unasogezwa kwa vidole viwili. Nimeona fundi mzima akihangaika na simu yake mwenyewe nusu saa. Sasa fumba macho, telezesha kidole kulia, ujaze fomu hadi mwisho. Kwenye kompyuta ya Windows tumia NVDA, kisoma skrini cha bure. Bonyeza H, isiporuka popote, vichwa vyako ni maandishi manene tu, si vichwa.

Hatua ya 2: Lugha. Watu wengi hunakili kiolezo chenye lang="en" (alama inayoambia kisoma skrini kuwa lugha ni Kiingereza), kisha wanaandika Kiswahili ndani. Matokeo yake "Jina la mwombaji" linasomwa kama na mtalii aliyeshuka ndege jana. Weka lang="sw". Sehemu ya Kiingereza ipe yake peke yake.

Hatua ya 3: Majina ya visanduku. Hapa ndipo kazi ilipo. Maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku si jina, kwani yanapotea mtu akianza kuandika. Fanya hivi:

<label for="simu">Nambari ya simu</label>
<input id="simu" type="tel" autocomplete="tel">

Kitufe chenye picha pekee kipe aria-label, jina lisiloonekana ila kisoma skrini hulisoma, mfano "Lipa ada ya kibali". Na kosa lisionyeshwe kwa wekundu tu: asiyeona hausikii, na asiyetofautisha rangi hauoni. Andika "Nambari ya simu imepungua tarakimu moja", uweke role="alert" ili lisomwe papo hapo.

Hatua ya 4: Weka mausi kando. Pita ukurasa mzima kwa Tab na Enter. Ukipotea hujui uko wapi, kuna mtu aliandika outline: none kwa sababu ule mstari unaozunguka kitufe haukumpendeza. Urudishe. Mwenye mikono inayotetemeka anautegemea.

Hatua ya 5: Rangi. Maandishi ya kawaida yanahitaji utofauti wa angalau 4.5:1 na mandharinyuma. Mimi pia hutoka na simu hadi stendi ya Kisumu saa saba mchana. Ukishindwa kusoma wewe mwenye macho mazima, badilisha.

Hatua ya 6: PDF. Tangazo la kazi lililopigwa muhuri kisha likaskaniwa ni picha. Kisoma skrini hakipati neno. Bosi atakwambia lazima muhuri uonekane. Sawa, uache, lakini maandishi yenyewe yawe kwenye ukurasa. Video iwe na maandishi ya chini, na mkalimani wa lugha ya ishara pia, maana viziwi wengi lugha yao ya kwanza ni hiyo, si Kiswahili.

Bosi akiuliza nani ameagiza haya, mwonyeshe Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kinachompa mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Kisha mtajie KS 2952, kiwango cha Kenya cha ufikivu wa bidhaa na huduma za kidijitali.

Mwisho, mwite mtu anayetumia vifaa hivi kila siku, umlipe nauli na muda wake. Yule jamaa yangu alirudi. Vitufe vyote vilijitaja majina, akafika hadi kulipa. Nambari ya siri ya SMS ikaisha muda simu ikiwa bado inamsomea. Hiyo ndiyo ninayobishania sasa na wenye mfumo.