Unaenda Mombasa? Angalia mwezi kabla hujalipia hoteli

Wanaopanga likizo ya Mombasa, kuna kitu watu wa bara huwa tunasahau: maji ya bahari yana ratiba yake bana. Mwezi mpevu au mwezi mwandamo ni bamvua, hapo maji hupwa sana na mara nyingi ni kwenye saa nne asubuhi hivi, so unashuka bichi Nyali na boya lako na watoto washavaa kostyumu mnakuta ni mawe na mwani mpaka mbali huko kwa mwamba, kuogelea ni hadi mchana. Mimi yalinipata, siku mbili nzima nikiwa kwa swimming pool kama sijatoka Nairobi.

Ukitaka kuogelea asubuhi lenga siku mwezi ukiwa nusu, saa nne maji yanakua yamejaa. Kama shida yako ni kutembea mwambani uone samaki na nyota za bahari basi bamvua ndio yako, vaa viatu tu, fumu wa baharini, yule wa miiba, hana huruma. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50 so piga hesabu.

Aprili na Mei mvua ni nyingi lakini hoteli huwa bei poa, kujipanga ni wewe. Na treni ya SGR kata tiketi mapema, Desemba zinaisha haraka mno. Inakushusha Miritini btw, sio town, weka pesa ya matatu kando.