Maktaba ndogo ya mtaa, unaanzaje?

Kama una maboksi ya vitabu na chumba kimoja, iwe Mikindani au Masasi, maktaba karibu unayo, bado mpangilio tu. Anza na rejista, daftari kubwa, kila kitabu mstari wake: namba, mwandishi, jina la kitabu, kimetoka wapi, halafu namba hiyohiyo iandike ndani ya kitabu na upige mhuri, usiruke hata kimoja, maana kisicho na namba kikipotea hutajua kama kilikuwepo.

Sasa kupanga. Tumia Dewey, mfumo alioutoa Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, mafungu 10 ya mada, kila moja na namba zake, kuanzia 000 mpaka 900. Shika kitabu cha korosho: kilimo ni 630, miti ya matunda 634, basi andika 634 na chini yake herufi 3 za mwanzo za jina la mwandishi, bandika lebo kwenye mgongo. Historia ya Tanzania, Majimaji ikiwemo, inakaa 967.8. Wengine wanapanga kwa ukubwa, jamani hapana, msomaji anatafuta mada sio urefu!

Huku kwetu pwani unyevu ni mwingi. Shelfu isiguse ukuta, madirisha fungua, na mchwa kagua kila wiki, mimi boksi zima niliacha sakafuni likaliwa mpaka leo inaniuma. Ukurasa ukichanika usiweke selotepu, inageuka njano na kuharibu karatasi.

Kuazima wape wiki 2, jina na tarehe daftarini. Ukitaka kuisomea kabisa hii kazi, chuo cha mambo ya maktaba, SLADS, kipo Bagamoyo.