Jinsi ya kufundisha wanafunzi wa unesi usalama wa mgonjwa (bila kuwalaza usingizi)

Tuseme ukweli walimu wenzangu, hili somo wengi wetu tunalifundisha vibaya. Tunaingia na slaidi 60, tunasoma maana ya hiki na kile, tunawatisha kidogo kwamba ukikosea leseni inaondoka, mtihani, tumemaliza. Halafu mwanafunzi anafika wodini anakosea dozi na kitu cha kwanza kumjia kichwani sio mgonjwa, ni afiche vipi. Sasa hapo tumefundisha nini?

Mi siku hizi naanza na kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilibeba sindano ya antibayotiki nikaenda kitanda namba 4, nikauliza "wewe ndo fulani?", mgonjwa akaitikia kwa kichwa, nimeshamshika mkono kabisa ndo jirani yake akaniambia sista huyo hasikii vizuri, fulani ni mimi, tulibadilishana vitanda usiku. Nikimaliza kusimulia darasa linakuwa kimya kidogo, halafu kuna mmoja anainua mkono na yeye anatoa la kwake. Hapo ndo somo limeanza. Na funzo lenyewe linaingia bila slaidi: usimuulize mgonjwa swali la ndio au hapana, mwambie akutajie jina lake kamili, halafu linganisha na kitu cha pili kama tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili, kwenye bendi ya mkononi na kwenye chati ya dawa, na kama hawezi kuongea bendi ndo inakusemea. Namba ya kitanda sio utambulisho wa mtu.

Baada ya hapo wape takwimu moja tu, zikiwa nyingi hazikai. WHO wanakadiria mgonjwa 1 kati ya 10 anadhurika akiwa kwenye matibabu, na zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika. Waambie wahesabu wodi ya vitanda 30 wenyewe.

Kisha zoezi la karatasi. Mwanasaikolojia James Reason alieleza ajali kwa mfano wa vipande vya jibini vyenye matundu, ila mi natumia karatasi 4, kila kundi wanatoboa matundu popote wanapotaka na kila karatasi wanaiandika jina, daktari anayeandika dawa, mfamasia, nesi, mgonjwa mwenyewe. Wazipange pamoja wazielekeze kwenye taa. Mara nyingi mwanga haupiti, ukizisogeza kidogo unapita. Wanaelewa papo hapo kwamba kosa likimfikia mgonjwa limepita mikono mingi, aliyeshika sindano ni wa mwisho tu.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kitanda cha makosa. Chukua mdoli wa mazoezi, mlaze, halafu haribu vitu 10 hivi. Bendi ina jina moja, chati ina jingine. Faili imeandikwa ana aleji ya penisilini na kwenye chati kaandikiwa amoksilini, ambayo nayo ni jamii ya penisilini. Breki za kitanda hazijafungwa, mfuko wa mkojo umelazwa sakafuni, barakoa ya oksijeni iko usoni lakini mtungi umefungwa, sindano iliyotumika iko mezani, kibao kinasema asile chochote na pembeni kuna kikombe cha chai nusu. Waingie wawiliwawili dakika 10, wasiongee, waandike tu. Sindano ya mezani wataiona wengi. Ya aleji inawapita wengi kwa sababu inataka ulinganishe karatasi mbili, na hapo ndo pa kukaa, waulize ilifikaje hapa, nani angeweza kuizuia, usiishie kwenye kuhesabu nani kapata ngapi. Tumia muda mrefu kwenye mjadala kuliko kwenye zoezi lenyewe, mi nikitumia dakika 10 ndani natoka naongea 30.

Kwenye dawa usimwage kila kitu. Kazia vinavyoua haraka: insulini, heparini (ya kuzuia damu kuganda), potasiamu kloraidi ya kuchanganya kwenye dripu ambayo haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa hata siku moja. Waoneshe kwa mwandiko wa mkono jinsi "10U" inavyosomeka 100, ndo maana tunaandika yuniti kwa kirefu, na jinsi .5 inavyogeuka 5 nukta ikififia, kwa hiyo ni 0.5 na sio vinginevyo. Na kuhakikiana dozi maana yake kila mtu apige hesabu kivyake ndo mlinganishe, sio "mi nimepata mili 4, au sio?" na mwenzio anaitikia huku anaangalia simu.

Mikono nafundisha haraka. Wavae glavu, wafumbe macho, "wanawe" kwa rangi ya maji sekunde 20, wafumbue. Vidole gumba na ncha za vidole vinabaki vyeupe, wenyewe wanacheka.

Kinachobaki ni kigumu, kusema mbele ya mkubwa. Mwanafunzi ameona kosa, daktari ana haraka, sista mkuu ana hasira, atasema nini? Usimwambie tu "jiamini", mpe maneno. Hatua ya kwanza "nina wasiwasi na hii dozi". Asiposikilizwa "daktari, sijaridhika, naomba tuangalie tena". Ikigoma "hii sio salama kwa mgonjwa, naomba tusimame", na hapo anaita mtu mwingine. Wafanye kwa sauti, wewe uwe daktari mkali, na ukiwa mpole zoezi halina kazi. Vilevile wafanye simu ya dakika moja kwa mpangilio huu: hali ilivyo sasa, historia fupi, mimi naona tatizo ni nini, naomba ufanye nini. Akipewa oda kwa simu aandike kisha amsomee aliyetoa.

Mwisho kuna sanduku. Weka sanduku la "nusura", mwanafunzi anaandika kosa lililokaribia kutokea bila jina lake. Usimkate maksi aliyeripoti, ila anayejua utaratibu akaukanyaga kwa makusudi huyo ni kesi nyingine, na watofautishe hao wawili mapema wasije wakadhani kila kitu ruksa. Kila wiki toa karatasi moja mjadili. Wiki za kwanza litakuwa tupu, tumbukiza la kwako. Zikianza kujaa mkuu wa chuo anaweza kukuuliza mbona makosa yameongezeka, mwonyeshe tarehe ulipoweka sanduku.