Kupandisha faili la WAR kwenye Tomcat 10

Jina la faili la WAR (kifurushi cha programu ya wavuti ya Java) ndilo linalokuwa anwani yake kwenye Tomcat, seva inayoendesha programu hizo: duka.war hufunguka kwenye /duka, na ROOT.war kwenye mzizi wa tovuti. Kama faili ni kubwa, usilinakili moja kwa moja ndani ya webapps, folda ya programu za Tomcat. Kwa kawaida Tomcat hukagua folda hiyo kila sekunde 10, hivyo inaweza kulifungua kabla halijakamilika. Liweke kwanza kwenye folda nyingine ya diski hiyohiyo, kisha lihamishe kwa amri ya mv.

Ukipata 404 (ukurasa haujapatikana), soma faili la kumbukumbu logs/catalina.out kabla ya kugusa chochote. Hitilafu ya NoClassDefFoundError yenye javax/servlet maana yake programu iliandikwa kwa Tomcat 9 au ya zamani zaidi. Toleo la 10 linatumia jina jakarta badala ya javax. Hamishia faili la WAR kwenye folda ya webapps-javaee (iunde kama haipo), Tomcat italigeuza yenyewe.