Jinsi ya kusoma utabiri wa joto la kaskazi Mombasa kabla ya kuwapandisha mafundi paani

Shemeji yangu amepata kazi ya kuezeka nyumba kule Kisauni. Simu yake ilimwambia joto litakuwa nyuzi 31, akaiona siku ya kawaida, na kabla ya adhuhuri vijana wake wawili walishuka paani wakitapika. Alikuja kuniuliza mimi huamuaje siku ya kuanza mapema na siku ya kushusha watu, tukakaa jioni nzima tukipitia kila kitu. Haya ndiyo niliyomwonyesha. Nimeandika kwa ajili ya wasimamizi wa mafundi, ila yanamfaa pia msukuma mkokoteni wa Kongowea, mama anayekaanga viazi karai kando ya barabara, na mwalimu wa madrasa yenye paa la mabati.

Jambo moja litangulie. Namba kubwa ya joto la mchana haisemi mengi hapa kwetu. Februari na Machi kipimo cha mchana huwa kwenye 32 au 33, na usiku hakishuki sana chini ya 24. Mtu wa Lodwar akiziona namba hizo atashangaa tunalalamikia nini. Kinachotuumiza ni fukuto: hewa imejaa mvuke wa bahari, jasho linatiririka wala halikauki, na mwili hupoa pale jasho linapokauka. Kwa hiyo tunatafuta vitu vitatu: mvuke, upepo na usiku.

Hatua ya 1: Jua uko wapi katika msimu

Kaskazi huanza kuvuma karibu na Desemba na kutuachia Machi, kisha kusi hushika usukani mpaka Oktoba hivi. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini kabisa karibu tarehe 10 Machi. Desemba na Januari kuna joto, lakini upepo upo. Wakati mbaya ni mwisho wa Februari hadi masika yaanze: jua liko utosini, bahari imeshapata joto, na kaskazi inalegea huku kusi haijaingia. Siku hizo za tangambili upepo unaweza kulala kabisa. Ukichukua kazi ya paa kwa kipindi hicho, iandikie siku za ziada tangu kwenye makubaliano na mwenye nyumba.

Hatua ya 2: Anza na Idara ya Hali ya Anga ya Kenya

Wanatoa utabiri wa siku chache zijazo, wa mwezi na wa msimu, na kila kaunti ina ofisi yake ya hali ya anga. Usome kwanza huo, ujue kama kuna tahadhari ya joto au mvua. Ujumbe wa WhatsApp usio na tarehe wala jina la aliyeutoa, ufute.

Hatua ya 3: Weka nukta ya ramani palipo na kazi yako

Programu nyingi za simu hukupa hesabu ya kompyuta iliyogawa dunia katika miraba. Baadhi ya miraba hiyo ina upana wa kilomita 25 na zaidi. Kisiwa chote cha Mombasa kinaingia ndani ya mraba mmoja na nafasi inabaki, tena nusu ya mraba ni maji. Kompyuta inachanganya bahari na nchi kavu, halafu inakupa namba moja.

Namna ya kugundua ni rahisi. Tazama joto la mchana na la usiku. Yakitofautiana kwa nyuzi mbili au tatu tu, unasoma hali ya baharini. Sogeza nukta upande wa bara, kuelekea Mikindani au Jomvu, hadi tofauti ifike saba au nane. Programu isiyokubali kusogezwa nukta sina kazi nayo, hata iwe na picha nzuri kiasi gani.

Hatua ya 4: Soma ripoti ya uwanja wa ndege

Hapa ndipo shemeji alipotaka kukata tamaa, na hapa ndipo penye faida yote. Vuta kiti.

Utabiri ni makisio. Uwanja wa ndege wa Moi, kule Port Reitz, una kituo kinachopima hali ya hewa na kutoa ripoti kwa marubani mchana na usiku. Ripoti hizo huitwa METAR, ziko wazi mtandaoni bila malipo, na jina la kituo chetu ni HKMO. Andika HKMO pamoja na neno METAR kwenye kitafutio utazipata. Ripoti ya alasiri ya Machi inakuwa na sura hii:

HKMO 141200Z 07014KT 9999 FEW026 33/25 Q1009

Inatisha ukiitazama mara ya kwanza. Sisi tunahitaji vipande vitatu tu.

Kipande cha kwanza ni wakati: 141200Z. Namba 14 ni tarehe, na 1200 ni saa. Hiyo Z maana yake ni saa za Greenwich, na ndipo watu wengi hupotea. Wanadhani wanasoma hali ya adhuhuri kumbe ni ya saa tisa alasiri. Au wanaona 0300Z wakadhani ni usiku wa manane, kumbe ni alfajiri yetu ya saa kumi na mbili. Wengine huongeza 3 wapate saa ya Kizungu, kisha waigeuze tena kuwa saa yetu, na katikati ya hesabu wanapotea. Usihangaike hivyo. Toa 3 uipate saa ya Kiswahili moja kwa moja. 1200Z, toa 3, ni saa tisa. 0600Z ni saa tatu asubuhi. 1000Z ni saa saba mchana. Jibu likizidi 12, toa 12: 1800Z, toa 3 ni 15, toa 12 ni saa tatu usiku. Ikiwa 0300Z inakupa sifuri, hiyo ni saa kumi na mbili. Ikiwa ni chini ya 0300Z, ongeza 9 badala ya kutoa: 0100Z ni saa kumi za alfajiri, wakati wa daku. Tarehe nayo inabadilika usiku wa manane wa Greenwich, ambao kwetu ni saa tisa usiku. Kwa hiyo ripoti ya saa nane usiku bado itakuwa na tarehe ya jana.

Kipande cha pili ni upepo: 07014KT. Tarakimu tatu za mwanzo ni upande unaotoka upepo, kwa nyuzi za dira: 070 ni mashariki ukipanda kidogo kaskazini. Mbili zinazofuata ni kasi kwa noti, kipimo cha mabaharia. Noti 14 ni karibu kilomita 26 kwa saa. Ukiona 00000KT, upepo umelala. VRB maana yake upepo ni mdogo na hauna upande. Mimi nikikuta 00000KT au VRB saa tatu asubuhi ndani ya Machi, najua mchana utakuwa mzito, hata utabiri useme nini.

Kipande cha tatu ndicho dhahabu: 33/25. Namba ya kushoto ni joto la hewa kivulini. Ya kulia ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake unaanza kugeuka maji. Namba hii ya kulia ndiyo kipimo cha fukuto. Asilimia ya unyevu inayoonyeshwa na simu inapotosha: asubuhi inasoma 90, mchana 60, mtu akadhani mchana hewa imekauka. Mvuke ni uleule. Joto ndilo lililopanda. Kiwango cha umande hakichezi hivyo. Kikiwa 21 au 22, kama miezi ya kusi, unapumua vizuri. Kikifika 24 shati linaanza kugandama mgongoni. Kikiwa 25 au 26, panga kazi upya.

Tahadhari zake. Namba hizi zimekadiriwa kuwa nzima, kwa hiyo 33 yaweza kuwa 32.6. Ripoti nyingine hukosekana, na kurasa zingine huendelea kuonyesha ya zamani bila kukuambia, ndiyo maana nimesisitiza usome wakati kwanza. Mvua ikinyesha hapo uwanjani, joto linaanguka kwa nyuzi kadhaa huku Nyali jua likiwaka. Usiamue siku nzima kwa ripoti moja ya aina hiyo. Soma tatu zinazofuatana. Na ya usiku usiiache: tazama ile ya 0200Z au 0300Z. Ikiwa alfajiri bado ni 27/25 na upepo 00000KT, mafundi wako hawakulala vizuri, miili haikupoa, na wataingia kazini wamechoka kabla jua halijapanda. Usiku wa namna hiyo ukifuatana mara tatu, punguza kazi hata kama mchana haujaongezeka.

Hatua ya 5: Geuza jozi ya namba kuwa joto linalohisiwa

Haya ni makadirio ya kipimo kinachotumiwa na idara ya hali ya hewa ya Marekani. Yaandike ukutani:

30/25 unahisi kama 36
31/25 kama 38
32/22 kama 36
32/25 kama 39
33/25 kama 41

Linganisha 32/22 na 32/25. Simu ingeandika 32 siku zote mbili. Kwa kipimo hicho, hatari huanza kuhesabiwa kwenye 39, na hiyo ni kwa mtu aliye kivulini. Aliye juani aongeze hadi nyuzi 8.

Hatua ya 6: Rekebisha kwa mtaa wako

Uwanja wa ndege ni peupe na una upepo. Kazi iliyo Nyali au Bamburi karibu na ufuo inapata zaidi matlai, upepo wa mashariki utokao baharini. Iliyo ndani Majengo au Mikindani, nyumba zimebanana, haipati. Mji wa Kale una vichochoro vyenye kivuli na kuta nene za matumbawe, chini kunakalika, ila paa za mabati za huko zinaunguza kama kwingine.

Nunua kipimajoto kidogo chenye kipima unyevu. Kitundike kivulini, urefu wa kifua, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Kikitundikwa chini ya mabati kinapima mabati.

Hatua ya 7: Panga saa

Februari na Machi jua hufika juu kabisa karibu saa sita na nusu. Kanuni zangu: joto linalohisiwa likiwa chini ya 37, kazi ya kawaida na mapumziko ya kawaida. Kati ya 37 na 39, paa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tano, na robo saa ya kivuli katika kila saa. Kuanzia 39, hakuna mtu juu ya mabati kati ya saa nne na saa kumi. Mchana wafanye kazi ya chini ya kivuli, kukata mbao au kupanga misumari.

Fundi mgeni, hasa aliyeshuka kutoka bara, usimpe siku nzima. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inashauri siku ya kwanza afanye moja ya tano ya muda wa kawaida kwenye joto, kisha uongeze kiasi hichohicho kila siku.

Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi. Waliofunga waanze baada ya sala ya alfajiri na washuke saa nne. Kazi ya chini inaweza kuendelea baada ya tarawehe kwa taa. Kazi ya paa usiku, hapana.

Hatua ya 8: Maji

Kikombe cha robo lita kila dakika 15 au 20, bila kusubiri kiu, lakini wasipite lita 1.4 kwa saa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa, kwa hiyo usiwaambie waje na chupa zao. Dafu ni zuri. Soda baridi siipendi kazini. Anayetapika au kuharisha mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Hatua ya 9: Ijue dalili ya hatari

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza: mshushe, kivulini, maji, na siku hiyo asirudi juu. Akianza kusema ovyo, kuyumba, kutokutambua au kuzimia, hiyo ni dharura. Usingoje jasho likauke ndipo uamini; anayefanya kazi nzito anaweza kuwa bado anatoka jasho. Mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, weka barafu kwapani na shingoni, na umpeleke hospitali huku mkiendelea kumpoza. Asiyejitambua usimnyweshe chochote.

Hatua ya 10: Tuma ujumbe jioni

Nasoma ripoti ya 1500Z, natazama utabiri wa kesho, naamua. Ujumbe unatoka kabla ya saa mbili usiku: saa ya kuanza, saa ya kushuka, nani yuko paani na nani yuko chini. Wanaotoka Likoni waujue mapema zaidi, kwa sababu siku ya kuanza saa kumi na mbili lazima wawe kwenye kivuko kabla ya foleni.