Kupanga Uokoaji wa Majini kwa Ajali za Ndege Karibu na Viwanja vya Pwani

Anayekabidhiwa kazi ya kuandaa mpango wa uokoaji majini kwa uwanja wa ndege wa pwani mara nyingi huanza kwa kuulizia bei ya boti, na hapo ndipo mipango mingi hupotea. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago, yaani sehemu ya mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga inayohusu viwanja vya ndege, kinautaka uwanja ulio karibu na maji au kinamasi, ambao sehemu kubwa ya safari zake hutua au kuruka juu ya maeneo hayo, uwe na mpango wa dharura unaohakikisha kwamba vikosi maalumu vya uokoaji vinapatikana haraka na vinashirikiana na uwanja. Hakidai kwamba vyombo vyote viwe mali ya uwanja. Tarehe 15 Januari 2009 ndege ilipotua juu ya mto Hudson, jijini New York, watu wote 155 waliokoka, na wengi wao walichukuliwa na vivuko vya abiria vilivyokuwa katika kazi zake za kawaida. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokuwa na watu 43 ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifikia. Watu 24 walinusurika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuorodhesha vyombo vyote vinavyofanya kazi karibu na ncha za njia ya kurukia: vivuko, boti za marubani wa bandari, za polisi wa majini, za wavuvi na za watalii. Orodha hiyo ioneshe saa ambazo kila chombo huwa majini na saa ambazo nahodha wake huwa amelala nyumbani, kwani kivuko kinachofungwa gatini saa mbili usiku hakina msaada kwa ndege inayotua saa nane za usiku. Mapengo yatakayojitokeza katika saa hizo ndiyo yatakayoamua kama uwanja unahitaji boti yake na wahudumu wa zamu. Makubaliano na wenye vyombo yaandikwe, yataje nani atawaita, nani atalipia mafuta, na nani atafidia chombo kikiharibika.

Hatua ya pili ni kuupima ufuko wenyewe wakati wa maji kujaa na wakati wa maji kupwa, hasa siku za bamvua, ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Pale ambapo boti ilipita asubuhi, jioni huenda pakawa na matope yasiyobeba boti wala gari, na hata mtu anayetembea hudidimia. Katika mazingira ya namna hiyo hovakrafti, chombo kinachoelea juu ya mto wa hewa na kupita majini na matopeni, hustahili gharama yake; kituo cha Walinzi wa Pwani wa Kanada kilicho kwenye kisiwa kimoja na uwanja wa Vancouver huitumia kwa sababu hiyo. Ramani ya miraba ambayo kikosi cha zimamoto huitumia ndani ya uwanja nayo iendelezwe hadi baharini, na kila mraba uandikwe pia kwa latitudo na longitudo, kwa kuwa nahodha hawezi kufuata elekezo linalotaja lango la uwanja.

Mawasiliano ndiyo hukwamisha zaidi. Mnara wa kuongozea ndege huzungumza na marubani katika masafa ya megahezi 118 hadi 137 kwa mfumo wa AM, ilhali vyombo vya baharini husikiliza chaneli 16, yaani megahezi 156.8, kwa mfumo wa FM, hivyo mnara na boti haviwezi kusikilizana hata vikiwa vinaonana kwa macho. Chumba cha dharura cha uwanja kinapaswa kuwa na redio ya baharini pamoja na mtu aliyezoea kuitumia, na kituo cha kuongoza uokoaji kiwekwe ufukoni mahali panapofaa zaidi, badala ya kubaki ndani ya jengo la abiria.

Manahodha wafundishwe mambo machache kabla ya siku ya tukio. Mafuta ya ndege hutandaa juu ya maji na yanaweza kuwaka, kwa hiyo chombo kikaribie kikitokea upande wa joshi, unakotoka upepo, na injini isipitishwe ndani ya tandao la mafuta bila sababu ya lazima. Rafadha, yaani pangaboi la injini ya boti, huua walio majini. Injini inayosukuma kwa mkondo wa maji ni salama zaidi, na isipokuwapo, injini izimwe chombo kinapowafikia watu. Chombo cha kwanza kisijaribu kubeba kila mtu. Ni afadhali kishushe maboya makubwa ya kujazwa hewa ili watu wapate pa kushikilia, kisha kiwachukue walio dhaifu. Aliyekaa muda mrefu katika maji baridi atolewe akiwa amelala, kwa kuwa kumwinua wima ghafla kunaweza kushusha shinikizo la damu hata moyo ukasimama.

Sehemu ya ndege inayoelea ikiwa na watu ndani ishughulikiwe kwa uangalifu mkubwa, kwani kuitoboa juu ya maji huiachia hewa inayoishikilia, na uzito ukihamia upande mmoja inaweza kuzama ghafla. Ikiwa imeshazama, huenda hewa imenaswa ndani na kuna watu wanaopumua. Wazamiaji waingilie sehemu iliyo chini kabisa inayofikika, ili hewa hiyo isitoroke. Ukokotaji wa nanga au nyavu kutafuta mabaki usifanywe kamwe wakati wazamiaji wako chini.

Mahali pa kuwateremshia manusura pateuliwe mapema, na pasiwe pengi. Kwenye mto Hudson vivuko viliwapeleka abiria kwenye kingo mbili, katika majimbo mawili tofauti, na jambo hilo lilifanya kuwahesabu kuwe kugumu. Kila gati iwe na mwandishi mwenye redio, na idadi atakayolinganisha nayo iwe ya watu wote waliokuwamo, wakiwemo wahudumu na watoto wachanga wanaopakatwa.

Kiambatisho cha 14 kinataka zoezi kamili la dharura lifanyike angalau mara moja katika kila miaka 2, au katika kila miaka 3 iwapo linahitimisha mfululizo wa majaribio ya sehemu sehemu. Waandaaji wengi huchagua mchana wenye bahari shwari na wageni waalikwa. Zoezi lenye faida zaidi ni la usiku, maji yakiwa yamekupwa, likianza kwa simu ambayo nahodha hakuitarajia.