Jinsi ya Kupima Uzoefu wa Daktari Kabla ya Upasuaji wa Saratani ya Sinasi kwa Endoskopi

Saratani ya sinasi, yaani vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, ni adimu kiasi kwamba daktari wa masikio, pua na koo anaweza kufanya kazi miaka mingi akakutana na wagonjwa wachache tu. Kwa hiyo usiridhike na jibu kwamba daktari hutumia endoskopi, yaani kifaa chembamba chenye kamera kinachoingizwa puani, kila wiki, kwani anayeondoa vinyama vya pua kwa ustadi si lazima awe amezoea uvimbe ulioegemea jicho au sakafu ya fuvu, yaani mfupa ulio kati ya pua na ubongo. Muulize amewapasua wagonjwa wangapi wenye saratani ya aina yako, na ni wangapi kati yao ambao kingo za eneo lililokatwa zilikutwa hazina saratani.

Kabla ya hapo, hakikisha picha za CT na MRI zimepigwa. CT huonyesha mfupa ulioliwa, ilhali MRI hutofautisha uvimbe na kamasi iliyokwama nyuma yake. Ni vyema picha zitangulie uchukuaji wa sampuli, maana uvimbe mwingine una mishipa mingi ya damu. Sampuli nayo isomwe na mtaalamu wa patholojia anayezifahamu saratani za pua, kwa sababu baadhi yake huanza kutibiwa kwa dawa kabla ya kisu.

Wengi hushtuka wakiambiwa kwamba uvimbe utatolewa vipande vipande kupitia tundu la pua. Hofu hiyo inaeleweka, lakini cha msingi ni daktari kufika mahali uvimbe ulipoota, kuliondoa eneo hilo hata kama ni mfupa, na kupeleka sampuli za kingo maabara mgonjwa akiwa bado amelala.

Swali ninaloliamini kuliko yote ni hili: "Ni uvimbe gani usingeuondoa kwa endoskopi peke yake?" Mzoefu atataja bila kusita uvimbe ulioingia kwenye ngozi ya uso, kaakaa au ndani ya tundu la jicho, na atakueleza kwamba yuko tayari kubadili njia katikati ya upasuaji. Anayedai kwamba kila uvimbe hutoka puani anakupa sababu ya kutafuta maoni ya daktari mwingine.

Uliza pia ataziba vipi sakafu ya fuvu ikitobolewa, na kama daktari wa upasuaji wa ubongo atakuwepo. Njia inayotumika sana ni kugeuza utando wa ukuta wa kati wa pua ukiwa bado na mshipa wake wa damu. Zibo likivuja, ugiligili wa ubongo hutoka na vijidudu hupata njia ya kuingia.

Baada ya upasuaji usipenge kamasi mpaka daktari akuruhusu. Ukiona maji maangavu yasiyo na rangi yakidondoka puani unapoinama, au ukipata homa na shingo kukakamaa, rudi hospitali siku hiyohiyo. Mionzi, ikihitajika, kwa kawaida huanza ndani ya wiki 6 hivi, na kliniki za ufuatiliaji huendelea kwa miaka mingi, kwani baadhi ya saratani hizi hurudi hata baada ya miaka 10.